Mahali ya Mwisho

Ukimsalimia Dairekta harakaharaka, kama watu wanavyosalimiana sokoni huku mkono mmoja uko kwenye nyanya, hakuitikia. Alisimama, akakutazama, akasema, "Ludia." Ukidhani hakusikia, ulirudia: "Mwangaluka, bhabha." Akatikisa kichwa. "Umesema na midomo tu hiyo. Ludia." Nilimwona akimrudisha muuza nyama kwenye kukata steki, kwa sababu eti panga lilishuka bila nia. Nilimwona akimrudisha katekista mlangoni mwa kanisa ili aingie upya, polepole, kama mtu anayejua anaingia nyumbani kwa nani. Wengine walikasirika. Wengi walirudia, na kwa kweli mara ya pili walifanya vizuri zaidi, jambo lililowaudhi hata zaidi.

Kwa msomaji wa mbali: aliposema "ludia" alikuwa na maana ya "rudia". Kisukuma hakina R. Tunakutana nayo shuleni ulimi ukiwa umeshakomaa, na wengi wetu hatupatani nayo mpaka tunaingia kaburini. Bariadi nzima ilimwita Dailekta. Mimi naandika Dairekta kwa kuwa kalamu haina ulimi, lakini sauti ninayoisikia kichwani ni ile nyingine.

Jina alipewa kwa kejeli, kabla hajaongoza hata kuku kuingia bandani. Akalipokea kwa mikono miwili. "Mtu akikupa jina kubwa kwa kukucheka," aliniambia, "wewe livae, utakua humohumo." Mimi nilikuwa fundi cherehani, na kibaraza changu kilipakana na banda lake la video karibu na soko. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mabati tu, kwa hiyo kwa miaka mingi nilisikia sinema zote za dunia bila kuona hata moja. Nilimjua kwa sauti kuliko kwa sura.

Kabla ya banda alikuwa mtu wa gari la sinema, lile gari la serikali lililozunguka vijijini, likatandika shuka jeupe ukutani na kuonyesha picha za kilimo bora na kuchemsha maji. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine na kueleza kwa Kisukuma kwenye kipaza sauti. Sasa, picha zenyewe zilikuwa kavu kama michembe ya viazi vitamu ya mwaka jana. Yeye akawa anazilowanisha. Kwenye picha ya pamba, funza wa vitumba alimpa sauti na tabia ya shemeji aliyekuja kusalimia akahamia kabisa: anakula, anajinyoosha, anauliza mboga ya jioni ni nini. Wamama wa Mwamanyili walimtemea mate yule funza ukutani. Bwana shamba alilalamika wilayani kwamba wakulima wanamkumbuka mdudu na kusahau dawa.

Kisha likaja soko huria. Gari la sinema liliegeshwa nyuma ya ofisi, matairi yakaondoka kwanza, halafu betri, halafu viti. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na mizani zao, na mitumba ikaja kwa marobota. Mitumba iliniua mimi, maana nani ashone gauni jipya wakati la Ulaya linauzwa chini kwa bei ya vifungo? Lakini biashara hiyohiyo iliyoniua ilimfufua yeye. Ilileta deki, televisheni na jenereta, na Dairekta akafungua banda.

Humo alitafsiri. Alikaa pembeni ya televisheni na maiki, akawasemea Wachina, Wahindi na Wamarekani wote, wanaume kwa wanawake, kwa Kiswahili chetu na Kisukuma. Hakujua hata lugha moja kati ya hizo. Alitazama nyuso tu. Watu wawili wakipigana juu ya paa, yeye alijua ugomvi ni wa malisho, na mmoja ni mjomba wa mwingine. Wazee walikuja wakakaa wamefumba macho, wanasikiliza.

Alikuwa mtu wa kweli mpaka kero. Kwenye kanga niliyomshonea mkewe mshono ukiwa umepinda kidogo, alisema hivyo mbele ya wateja. Lakini mwisho wa sinema alikuwa mwongo mkubwa. Shujaa akikaribia kufa, alizima. "Amepona," alitangaza kwenye maiki. "Ameludi kwao, anafuga." Vijana walipiga kelele wakidai mwisho wao, na yeye alikunja nyaya kana kwamba hasikii. Nilimuuliza siku moja kwa nini anawadhulumu watu. Akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "Hawa wametoka shambani, mayu. Kufa wanakujua. Wamekuja kwangu kutafuta kingine."

Alichotaka yeye mwenyewe kilikuwa kimoja tu, na hakukificha. Alitaka kutengeneza sinema ambayo ndani yake Msukuma anaongea kama anavyoongea kwake, na mtu wa mbali anamtazama na kulia, si kucheka. Wakati huo michezo ya Dar ilikuwa imeanza kufika kwenye kanda, na ndani yake sisi tulikuwemo: Msukuma ndiye mlinzi, ndiye mchunga aliyepotea mjini, ndiye anayeshangaa swichi ya taa. Akifungua mdomo tu, watazamaji wameshacheka. Dairekta alizitazama kanda hizo akiwa amekunja uso. "Hajasema kitu bado," alikuwa akisema. "Amesalimia tu. Wanacheka nini?"

Basi akaazima kamera ya mpiga picha za harusi, akatukusanya. Hadithi aliitunga mwenyewe. Binti ameolewa kwa ng'ombe wengi, mume anampiga, binti anakimbilia kwa baba yake. Kwa desturi yetu baba akimpokea, lazima arudishe mahari. Lakini ng'ombe wale wamekufa kwa ukame, wote. Baba anasimama mlangoni, binti yuko nje, na baba hawezi kumwambia ingia. Ndiyo hadithi yenyewe. Baba aliigiza yeye, mimi nikawa mama, na binti alikuwa muuza samaki mmoja wa Mkula ambaye alikuwa na macho ya kutazamwa.

Tulipiga picha Migato, kwenye boma la mzee mwenye ng'ombe wengi. Mzee alitukarimu vizuri, maziwa na kila kitu, mpaka kamera ilipogeukia zizini. Hapo akasimama katikati.

"Hizi zinaenda wapi?"

"Kwenye kanda, bhabha. Zitaonekana Dal es Salaam."

"Zikionekana huko, hapa zinabaki nini?"

Walizungumza mchana kutwa. Mzee hakuwa mjinga, alikuwa na hofu ambayo kila mfugaji anayo, kwamba jicho la mgeni likikaa sana juu ya mali, mali hupungua. Mwisho akaridhia kwa sharti moja: zipigwe nyuma tu, uso hapana. Ndiyo maana kwenye sinema ile ng'ombe wote wanaondoka. Hakuna hata mmoja anayekuja. Dairekta alisema ni bora hivyo, kwa sababu ng'ombe wa yule baba walikuwa wanaondoka kweli. Alikuwa na kipaji hicho cha kuufanya mkosi uonekane ni mpango.

Aliita sinema yake Mahari ya Mwisho. Jalada la kanda lilichorwa na mchoraji wa vibao vya maduka pale sokoni, kwa herufi nyekundu zenye kivuli: MAHALI YA MWISHO. Mchoraji alilileta, Dairekta akalisoma kwa sauti, akaridhika. Nikalisoma mimi. Akalisoma katekista, mtu wa vitabu yule, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi akasema herufi zimekaa vizuri. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu hapakuwa na kosa. Ndivyo tunavyosema. Mahali ya binti, mahali ya dada. Mtu akituambia nipe mahali nikae, tunajua ni kiti. Akisema nilipe mahali, tunajua ni ng'ombe. Hatujawahi kuchanganyikiwa.

Tuliionyesha mara moja, kwenye ghala la pamba lililobaki tupu ushirika ulipoacha kununua. Watu walijaa mpaka kwenye madirisha. Ilipofika pale mlangoni, baba anamtazama binti yake na kusema, "Mwanangu, sina mahali ya kuludisha," waliokuwa madirishani waliingiza vichwa ndani. Kisha mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia kwa sauti, na wengine wakamfuata. Dairekta alikuwa amesimama kando ya televisheni. Kwa mara ya kwanza hakuwa na maiki, na hakuzima. Aliuacha mwisho ufike. Nilikuwa karibu yake, na niliona fahari ambayo sijawahi kuiona kwa kitu nilichokishona.

Akafunga safari ya Dar. Niliyoyajua ya huko aliniambia mwenyewe, akikaa kwenye kibao changu cha wateja na kuigiza watu wote, na ndiyo sababu nayaona kama nilikuwepo.

Msambazaji wa kwanza alimkatalia mlangoni. Wa pili alimwambia aje kesho, na kesho akamwambia aje kesho. Dairekta alikuwa na elimu yake kuhusu kukataliwa, na alinipa bure. Wa mlangoni, alisema, haumi sana, maana hajakuona. Wa njoo kesho anauma kidogokidogo, unamzoea kama kiatu kibaya. "Ogopa anayekupa soda. Anayekukalisha akakupa soda, huyo ndiye anakukataa kabisa."

Wa tatu alimpa soda. Alikuwa mtu mpole, mwenye ofisi Kariakoo iliyojaa kanda mpaka dari. Alichukua jalada, akatabasamu, akatoa kalamu akafuta ile "ya" na kuandika "pa". Mahali pa Mwisho. "Sasa ndiyo Kiswahili," akasema. Dairekta akamweleza kwamba si pahali, ni mahali, ng'ombe wanaotolewa kwa mke.

"Mahari," akasema yule bwana.

"Ndiyo. Mahali."

"Hebu sema mahali, pa kukaa."

"Mahali."

"Haya, sema mahari."

"Mahali."

Yule bwana akawaita waliokuwa chumba cha ndani waje wasikie. Wakaja. Akasemeshwa tena, na tena, na kila mara wakashikana mabega kwa kucheka. Hawakuwa wabaya, Dairekta alisisitiza hilo, walimpigapiga mgongoni kwa upendo. Kisha wakaiweka kanda, wakaipeleka mbele mpaka pale mlangoni. Baba akasema maneno yake. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwingine akauliza kwa nini ng'ombe wote wanawapa mgongo.

"Mzee wangu," msambazaji akasema akijifuta macho, "hii picha hainunuliki. Lakini wewe unanunulika. Tuna mchezo unaanza, tunatafuta mlinzi wa getini. Huna haja hata ya kuigiza."

Alikataa. Alimaliza soda yake kwanza, maana ni adabu, akachukua kanda yake akarudi Bariadi. Aliponisimulia alifanya sauti ya msambazaji vizuri kabisa, R zote zipo mahali pake, laini, za mtu wa pwani. Nikamwambia, "Mbona unaiweza?" Akanitazama. "Nikiwa yeye naiweza. Nikiwa mimi siwezi."

Utaratibu wake wa kukataliwa ulikuwa huu: alioga, akavaa shati lililopigwa pasi, akapita sokoni katikati kabisa ili kila mtu amuone. Wapo walioona ni majivuno. Alisema mtu aliyeanguka akiinuka gizani, watu watadhani bado yuko chini. Kwa hiyo tulijua siku alizokataliwa kwa jinsi alivyopendeza. Na miaka ile alipendeza mara nyingi. Alijaribu Mwanza, alijaribu Dar tena, alijaribu watu wa misaada waliokuwa wanatengeneza michezo ya afya. Jibu lilikuwa moja, wengine kwa soda, wengine bila. Picha hapana. Wewe ndiyo.

Kuna kipindi alitaka kuurekebisha ulimi. Alikuja kibarazani kwangu asubuhi na kukariri: barabara, karatasi, kura, harusi. Mimi nami nikawa mwalimu, kipofu akimwongoza kipofu. Baada ya majuma kadhaa R ilikuja kweli, ila ilikuja kama mgeni asiyejua chumba chake, ikaingia kila mahali. Akawa anasema amerara vizuri, chakura kimeiva na ndizi zimeriwa. Alikwenda Dar na ulimi huo mpya. Sitaki kueleza walivyocheka.

Wakati huo banda lilikuwa linakufa. Watu walianza kununua televisheni zao, na hawakuhitaji tena mtu wa kuwaambia shujaa amepona. Kanda ya Mahari ya Mwisho ilishika ukungu, picha ikawa inacheza na mistari. Mkewe alirudi kwao Itilima, si kwa ugomvi, alichoka tu kumngoja mtu ambaye yuko ndani ya nyumba. Dairekta alikaa kwenye kibao changu mchana mzima bila kusema ludia kwa mtu yeyote. Siku moja akasema, akitazama chini, "Nikienda ni mlinzi. Nikikaa ni malehemu."

Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Nilitamani angekuwa fundi, mkulima, chochote ambacho ukikataliwa unabaki nacho mkononi. Mpunga haujui lafudhi ya aliyeulima.

Akaenda.

Mnamjua, hata kama hamjui kwamba mnamjua. Ni yule mlinzi mrefu, rungu limemzidi, anayezuia kila anayekuja getini, mpaka mwenye nyumba mwenyewe, na kusema, "Hujaluhusiwa!" Akilisema anatulia kwanza, anamtazama mtu kuanzia miguuni, kisha analiachia. Watoto walilisema shuleni, makondakta walilisema stendi. Pale Bariadi tulijivuna. Kwenye mgahawa wa stendi waliweka televisheni juu ya jokofu kwa ajili yake tu. Mimi sikucheka, na msidhani ni wema; ni kwamba nilimjua anavyotulia. Ule ukimya kabla ya neno aliutoa kwenye ile sinema yetu, pale mlangoni, mbele ya binti yake. Ndio uleule. Aliubeba akaenda kuuchekesha.

Alifanikiwa. Alijenga, alisomesha watoto wa ndugu zake. Alipokuja likizo aliniletea vitambaa na kuniambia habari za kila mtu isipokuwa zake. Nilimuuliza kama ameandika kitu. "Nimeandika," akasema. "Nimewaonyesha. Wanacheka kabla sijafungua jalada."

Mara ya mwisho nilimwona Mkula, alipozika mama yake. Mimi na yeye tulikuwa wazee tayari. Watu walikuwa wengi kuliko mazishi ya kawaida, na nilijua wengine wamemfuata nani. Baada ya mchungaji kumaliza, msimamizi wa mazishi alimpa Dairekta kipaza sauti aseme neno la familia.

Alisimama mbele ya kaburi. Alikuwa na kofia mkononi na udongo kwenye viatu. Akawatazama watu, akatulia, kama mtu yeyote anavyotulia mama yake akiwa amelala pale.

Nyuma kabisa mtu akacheka.

Hakikuwa kicheko cha dharau. Ni kile kinachomponyoka mtu. Wengine wakakishika, wakaziba midomo kwa kanga, mabega yakacheza. Dairekta akangoja kiishe. Akasema, "Ndugu zangu, mama yetu ametuacha. Tunawashukulu," na kwa neno lile la mwisho kikalipuka tena, na safari hii hata waombolezaji wa mbele walikuwemo. Mchungaji alitazama chini. Dairekta alibaki na kipaza sauti mdomoni, na niliona anatafuta sauti nyingine ya kusemea, sauti yoyote, na hana. Akasema "Wabeja," asante yetu, akakirudisha.

Tulipokuwa tunatawanyika, shemeji yake mmoja, mtu mzima, mwenye macho mekundu ya kulia kweli, alimshika mkono. "Pole sana, shemeji. Mungu akutie nguvu." Kisha akatoa simu. "Nina watoto kule Shinyanga, wanakupenda sana. Nisemee moja tu. Fupi."

Nilitaka kumpiga yule bwana. Dairekta alimtazama kuanzia miguuni. Akatulia. Akasema, "Hujaluhusiwa!"

Shemeji akacheka mpaka machozi yake, ya msiba na ya kicheko, yakachanganyika, akamkumbatia, akaenda. Nyuma yake wengine walikuwa wameshajipanga, simu mkononi, kwa heshima, wanangoja zamu.

Nikamvuta kando. "Kwa nini umekubali? Leo? Hapa?"

"Nitamkataliaje, mayu?" akasema. "Mimi kukataliwa nakujua."

Akarudi kwa wale waliokuwa wamejipanga.